Nilipima paneli kwa futi ya cherehani: sola ya nyumbani kwangu Busia

Friza ya samaki na umeme wa kukatika ni wake wenza, hawakai nyumba moja kwa amani. Mimi nimewaweka pamoja miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sola inalipa, simpi maneno, namfungulia daftari.

Nimezaliwa Likoni, nikaolewa na Msamia, na huu ni mwaka wa 19 naishi Busia, upande wa Uganda. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni duka: soda, maziwa, mtindi, juisi za barafu za watoto wa shule, na friza ya samaki. Samaki wangu wa ngege wanatoka Majanji, ziwani, wanafika kwa bodaboda kabla jua halijapanda. Pembeni nashona madera. Hilo la kushona lishike, nitalirudia.

Sola ninayoisifu leo ni ya pili. Ya kwanza nilinunua mwaka 2021 kwenye duka moja la hapa mjini. Jina silitaji, mwenyewe bado tunasalimiana. Nililipa shilingi za Uganda 2,350,000: paneli mbili zilizoandikwa wati 300 kila moja, betri ya jeli ya ampea 200 (yaani ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza) na inveta ya wati 1500, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. "Mama, hii inaendesha nyumba nzima, Yaka utaisahau," akaniambia. Yaka huku kwetu ni umeme wa mita ya kulipia kabla. Miezi mitatu ya kwanza nilimwamini. Friza ilinguruma kama inakohoa, lakini ilishika baridi. Mwezi wa sita betri ikawa haifiki saa nne usiku. Mwezi wa 14 ikafa kabisa, imevimba ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu.

Miaka yote hiyo nilidhani kosa ni la betri, basi. Kijana aliyekuja kunifungia hii ya pili ndiye aliyenifumbua macho. Kabla hajapanda juu, aliziona zile paneli za zamani zimeegemezwa ukutani, zimegeuka meza ya kuanikia dagaa. Akaomba futi. Ya chuma sina, nikamletea ile ya nguo ninayopimia madera. Akaitandaza: urefu sentimita 120, upana 54. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu, akanionyesha. Eneo lake halifiki hata theluthi mbili za mita ya mraba.

"Sasa angalia, mama. Jua la saa sita mchana, bila wingu, mita moja ya mraba inapokea kama wati 1000. Paneli nzuri inashika fungu moja katika matano, basi. Mita nzima ni wati 200 na kidogo. Hii yako si mita nzima."

Nikapiga mwenyewe kwa simu: haifiki 140. Na karatasi ya nyuma inasema 300, imechapwa vizuri, na ina nembo ya simba.

Betri tukaibeba mpaka kwa jirani anayenunua mahindi, tukaiweka kwenye mizani yake. Kilo 34. Yule kijana akacheka kwa huzuni. Betri ya kweli ya jeli yenye ampea 200 haipungui kilo 50, kwa sababu umeme unahifadhiwa kwenye madini ya risasi, na risasi ni nzito. Ukilipia ampea 200 ukapewa kilo 34, nyingine umelipia hewa. Wallahi, nimeishi mpakani miaka yote hii, najua kukagua gunia la mchele kwa mkono na kujua limechanganywa, na sikufikiria kupima betri!

Makosa mengine ni yangu. Kila usiku nilikuwa naikamua betri mpaka inveta ipige kelele, na betri za namna ile hazitaki kushushwa chini ya nusu. Na inveta yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ya wimbi la kuchongwachongwa lisilo laini. Taa na redio hazijali, ila mota ya friza inapata joto na kunguruma. Kile nilichokiita kikohozi kilikuwa hicho.

Kabla ya kununua tena, nilijiwekea sharti. Tangu Desemba 2024 mpaka Mei 2025 niandike kila shilingi inayotoka kwa ajili ya umeme, na kila shilingi inayotoka kwa ajili ya kukosa umeme. Mume wangu akasema nimekuwa karani wa forodha. Nikamwambia ndiyo, na wewe ndiye mzigo.

Nyumba na duka viko kwenye mita moja, na kwa mwezi tulikuwa tunatumia kama yuniti 120. Bei ya Yaka inakwenda kwa ngazi. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2025, UEDCL, shirika la serikali, ilipopokea kazi ya kusambaza umeme kutoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme, yuniti 15 za kwanza zilikuwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80, zilikuwa 756. Kuanzia ya 81 mpaka ya 150 zilishuka mpaka 412, ile bei ya kupikia iliyowekwa ili watu waache makaa. Kisha zilipanda tena. Ongeza VAT ya asilimia 18. Kwangu mimi jumla ilikuwa inakaribia 82,000 kwa mwezi.

Hapo pana jambo ambalo sijamsikia muuzaji hata mmoja akilisema. Sola ikianza kukupunguzia yuniti, haianzi na zile za 756. Inakata kutoka juu, kwa hiyo za kwanza kuondoka ni zile za 412. Wauzaji wanachukua 756, wanazidisha na yuniti zako zote, wanakuonyesha faida nono kwenye karatasi ya rangi. Mimi nilikata ngazi kwa ngazi: kutoka yuniti 120 mpaka 18 ninazonunua sasa, ninachookoa kwenye Yaka ni kama 75,000 kwa mwezi. Si haba, lakini subiri uone bei ya mtambo.

Paneli nne za wati 450, kila moja 420,000: jumla 1,680,000. Betri ya lithiamu ya volti 51 na ampea 100, yaani yuniti 5 hivi zikijaa: 4,200,000. Inveta ya kilowati 3 inayochanganya sola na Yaka yenyewe: 1,650,000. Vyuma vya juu ya bati, nyaya, breka (zile swichi zinazokata umeme ukizidi), kinga ya radi: 610,000. Ufundi: 500,000. Jumla 8,640,000.

Gawanya hiyo kwa 75,000. Inakuja miaka 9 na nusu na ushee. Kama hesabu ingeishia hapo ningefunga daftari, ningenunua cherehani ya pili na kulala.

Ila ukurasa wa pili ndio ulioniuma. Petroli ya jenereta, wastani wa miezi sita: 62,000 kwa mwezi. Na vitu vilivyoharibika au vilivyouzwa kwa hasara ili visiharibike: 45,000 kwa mwezi. Hiyo ya pili ni wastani tu, haiji kidogo kidogo. Kuna miezi ilikuwa sifuri, halafu Aprili transfoma ikaungua kwa mvua, tukakaa siku tatu gizani na kilo 22 za ngege ndani. Siku ya kwanza niliwasha jenereta kwa zamu. Siku ya pili jenereta ikagoma. Usiku ule nilifungua friza kwa tochi ya simu, nikatia mkono, wa juu walikuwa wameanza kulegea, wa chini bado mawe. Mama mkwe alikuja na khanga yake kiunoni bila kuulizwa, akawasha moto uani, tukawakausha kwa moshi mpaka alfajiri. Nilipata nusu ya hela yangu, na nyumba ilinuka moshi wiki nzima.

Ukijumlisha vyote vitatu, ninachookoa ni kama 182,000 kwa mwezi, na mtambo unajilipa kwa miezi 48. Sasa hizo ni hesabu za mwenye hela mkononi. Mimi milioni 4 nilikopa kwenye SACCO, asilimia 2 kwa mwezi kwenye deni linalobaki, miezi 18. Riba peke yake ni 760,000. Kwa hiyo sola yangu ni ya 9,400,000, na itanichukua miaka 4 na miezi 4 kurudisha. Yeyote anayekuuzia sola na hakukuuliza hela unatoa wapi, hesabu yake haijakamilika.

Kufunga kulichukua siku mbili, na nusu siku ilikuwa mazungumzo na mama mkwe. Ana mwembe wake, kaupanda yeye, na kuanzia saa tisa alasiri kivuli cha mwembe kinatembea juu ya bati letu. Kijana akaeleza kwamba paneli zimeungwa mkono kwa mkono kama mnyororo. Moja ikifunikwa na kivuli, inazivuta na wenzake chini. "Ukate mti wangu kwa sababu ya jua?" mama akauliza. "Jua ni lako?" Nilinyamaza. Kijana akawa na adabu kuliko mimi, akakaa chini, akamwonyesha kwa vijiti viwili ni matawi gani. Mwishowe yakakatwa mawili, na paneli mbili zikahamia kwenye bati la jikoni ambako kivuli hakifiki. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika sana paneli zitazame wapi. Alizilaza kidogo tu, ili mvua ioshe vumbi na isituame.

Nilichopenda zaidi ni waya wa athi, ule unaopeleka umeme wa hatari ardhini. Ukanda huu wa ziwa radi zake si za mchezo, na ile sola ya kwanza haikuwa na athi kabisa. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akasimamisha fimbo ya shaba, akaizungushia makaa na chumvi ya mawe, akamwaga ndoo mbili za maji, kisha akapima kwa mita yake. Haikumridhisha, akaongeza fimbo ya pili bila kuniomba hela. Fundi anayerudia kazi ambayo mwenye nyumba hawezi kuiona, huyo nampa nyota zote.

Kisha nimnyang'anye moja. Mwezi wa tatu baada ya kufungiwa nilinusa plastiki inayoungua karibu na inveta. Breka ya upande wa paneli ilikuwa ya moto, huwezi kuweka kidole. Kumbe yule kijana aliweka breka ya umeme wa kawaida wa ukutani mahali panapotakiwa breka ya umeme wa moja kwa moja (DC), ule wa paneli. Zinafanana kama pacha, bei tofauti. Ya kawaida haiwezi kuuzima vizuri moto wa cheche za umeme wa paneli, na nyumba nyingi zimeponea chupuchupu hapo. Nilizima kila kitu, nikapiga simu. Alikuja siku ya nne, siku ya nne! Akabadilisha kwa gharama yake, akaomba radhi bila kuzunguka, akasema duka alikonunua lilimpa hiyo naye hakusoma. Nimemsamehe. Lakini wewe ukifungiwa, muombe fundi akuonyeshe herufi DC kwenye breka za paneli kabla hujamlipa salio.

Jambo jingine la hapa kwetu: watu wanavuka kununua upande wa Kenya wakiona bei nafuu. Mimi mwenyewe nilienda kuuliza. Betri ilikuwa nafuu kidogo, sikatai. Ila nilipouliza ikiharibika nikiwa ng'ambo itakuwaje, jibu likawa "utaileta". Kuivusha mpaka betri ya lithiamu ya kilo 45 iliyoharibika, pamoja na maelezo ya forodha, kazi hiyo siitaki. Nikanunua hapa, na karatasi ya waranti ya miaka 5 iko ndani ya daftari.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nifungiwe. Jua likiwaka, betri inajaa kabla ya saa saba mchana na jua linalobaki linapotea tu. Hilo liliniuma mpaka binti yangu akaleta ile sufuria ya presha ya umeme. Maharage yanachemka mchana kwa jua la bure, na gunia la makaa lililokuwa linaisha wiki tatu sasa linafika wiki ya tano. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu, na sitaiweka, maana nikianza kuongeza kila kitu kizuri nitakuwa kama wale wa karatasi ya rangi.

Oktoba na Novemba, mawingu ya mvua, ilikuwa habari nyingine. Siku mbili mfululizo bila jua, na saa tatu usiku inveta yenyewe inahamia Yaka. Zile yuniti 18 zinaenda huko, na kwenye pasi. Pasi hatupigi usiku, ni sheria ya nyumba. Mume wangu aliivunja mara moja, siku ya mazishi ya rafiki yake, akaamka asubuhi shati limenyooka na maziwa ya duka yamepata joto, maana Yaka ilikuwa imeisha na hakuna aliyeangalia.

Watu wanashangaa nikisema hivi, lakini nchi yetu umeme inao. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na hapa karibu, Tororo, kuna shamba la sola la megawati 10 tangu mwaka 2017. Shida yangu mimi haiko bwawani. Iko kwenye nguzo ya mwisho, ile ya kona ya mti wa mparachichi, upepo ukiitikisa.

Shemeji yangu wa Kampala alikuja Krismasi, akaona paneli, akataka na yeye. Anaishi na mkewe na mtoto mmoja, taa, televisheni, simu, jokofu dogo. Anatumia yuniti 40, yaani kama 27,000 kwa mwezi pamoja na VAT. Nikampigia hapo hapo mezani: mtambo wa milioni 5, hata ukimfutia Yaka yote, ni miaka 15 na zaidi. Na kwao umeme ukikatika, anapoteza nini? Kipindi cha mpira. Nikamwambia, shemeji, nunua taa mbili za kuchaji na betri ndogo ya kuwasha kifaa cha intaneti, hela nyingine lipa ada ya shule. Hakufurahi. Alitaka kuonekana juu ya bati.

Jirani yangu anayeuza nyanya naye ni hesabu nyingine. Yeye hana Yaka. Amechukua ile sola ndogo ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, 1,500 kila siku, taa nne na redio na kuchaji. Ukijumlisha miezi yote ameinunua karibu mara mbili ya bei yake, na siku asipolipa inajifunga, watoto wanasoma kwa kibatari. Hata hivyo alikuwa anatoa hela kila siku kwenye mafuta ya taa na kuchajisha simu dukani, na hakuwa na kitu cha kuonyesha. Kwake naona inafaa. Nilimshauri tu alipe za wiki nzima siku ya soko, hela zikiwa bado mkononi.

Kwangu mimi, mwenye friza, nimeridhika. Nyota 4 katika 5, ile moja imeungua na breka. Kila mwezi natenga 40,000 kwenye kopo, maana nasikia inveta huanza kusumbua kabla ya betri, na sitaki kurudi SACCO kwa uso uleule. Jenereta nimeiuza kwa fundi wa baiskeli, akaniuliza mbona naiuza kwa bei ya kutupa, nikamwambia chukua kabla sijabadilisha nia.

Jana alasiri nilikuwa nahesabu soda nikaona namba kwenye inveta zimeshuka ghafla, saa tisa na robo, jua kali. Nikatoka nje kutazama bati. Yale matawi mawili yamechipua tena, majani mabichi yanang'aa, kivuli kimeshafika kwenye kona ya paneli ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe anachambua mchicha. Aliniona nikitazama juu, naye akatazama juu.

"Usianze," akasema.